Namba Isiyosogea

Mzee Dadi Mloka hakuinua kichwa mlango wa mahabusu ulipofunguliwa. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kandambili zake amezipanga pembeni kama mtu aliyeingia msikitini.

“Shikamoo, mzee Dadi.”

Hapo ndipo alipotazama. Tangu wamkamate, hakuna askari aliyekuwa amemwamkia.

“Marahaba, afande.”

Inspekta Winfrida Kunambi akavuta kigoda akakaa. Mama wa makamo, mfupi, sauti yake haipandi wala haishuki. Mkononi alikuwa na jalada jembamba. Majalada ya wanyonge huwa membamba. Kumfunga mtu asiye na mtu hakuhitaji karatasi nyingi.

Yaliyokuwamo yalikuwa haya. Bwawa la skimu ya umwagiliaji ya Kihonzo, chini ya milima ya Uluguru, lilijaa usiku wa mvua kubwa likapasuka. Maji yakashukia kitongoji cha Bondeni yakaua watu wanne. Aliyekuwa zamu kwenye lango la kumwagia maji ni Dadi. Lango hakulifungua. Shahidi mmoja alimwona mchana ule kwenye kilabu cha kangara. Basi, wakubwa wakajumlisha moja na moja.

“Kesho unapelekwa kwa hakimu,” Winfrida alisema. “Kuua bila kukusudia. Ukitoka hapo ni Kingolwira, ukalime shamba la magereza na umri huo. Kwa hiyo nijibu vizuri. Ulikunywa?”

“Mimi sinywi, afande. Sijawahi.”

“Ulionekana kilabuni.”

“Nilikwenda kumtoa Mwinshehe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nilimkuta amelewa chakari, nikamshika mkono mpaka kwa mama yake kule Bondeni. Nikamwambia, lala hapa, usitoke mpaka nitoke kazini.” Akazisogeza kandambili zake. “Akanisikia.”

Jina la Mwinshehe lilikuwa kwenye jalada, kati ya wale wanne. Winfrida mwenyewe Mluguru, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao ardhi na ukoo hufuata mama, na mrithi wa mwanaume ni mtoto wa dada yake. Dadi hakuwa na mpwa mwingine.

“Usiku ule kioo cha kompyuta kilisemaje?”

“Tatu nukta moja. Rangi ya kijani. Maana yake maji yako chini, hakuna shida.”

“Na mvua ile?”

“Mvua ile mabati yalikuwa yanalia. Natazama kioo, tatu nukta moja. Nakaa, natazama tena, tatu nukta moja. Roho ikakataa. Nikatoka na tochi nikaitazame nguzo ya vipimo kule majini. Nguzo nyeupe tupu. Ilipakwa chokaa.”

“Nani aliipaka?”

“Sisi wenyewe. Alipokuja mgeni rasmi kuzindua kompyuta mpya tuliambiwa tupake kila kilichosimama. Mawe, miti, nguzo. Tukapaka na namba zake.”

“Ungefungua tu lango.”

“Kwa amri ya nani? Mwaka juzi niliona mawingu nikafungua, Injinia Erick akanipa onyo, ati nimemwaga maji ya wakulima. Safari hii nikampigia simu. Akaniuliza, kioo kinasemaje? Nikamwambia. Akasema, sasa unaniamshia nini?”

Winfrida aliandika, akamsomea, akamsainisha.

“Tangu mgeni rasmi aje, pale kilibadilika nini kingine?”

Mzee alifikiri. “Chokaa. Maua. Kompyuta.” Akasita. “Na paka alihama.”

“Paka?”

“Chini ya ngazi kulikuwa na kasha la bati, la wale wafadhili waliojenga bwawa zamani. Paka alikuwa analala juu yake miaka yote. Kasha lilipoondolewa, paka naye akaondoka. Mambo ya kizee hayo, afande. Hayana maana.”

Askari wa zamu akagonga mlango. Mkubwa yuko kwenye simu.

“Bado unambembeleza yule mlevi?” sauti ya mkubwa iliuliza. “Funga jalada, Winfrida. Watu wamezika, wanataka mtu.”

“Wanataka mtu yeyote, afande, au aliyefanya?”

“Usinichoshe asubuhi. Kesho.”

*

Barabara ya Kihonzo ilikuwa bado na miti iliyong’olewa na mafuriko. Penye ofisi ya skimu, mawe yalikuwa meupe yamepangwa mistari miwili, katikati maua yamekufa kwa kukosa wa kumwagilia. Jiwe la uzinduzi lilisimama hapo, limepona. Maji hubagua.

Injinia Erick alikuja mlangoni mwenyewe. Umri kama wa mwana wa kwanza wa Winfrida, viatu safi mahali penye tope. Hakutoa shikamoo.

“Karibu, afande. Habari za mjini?”

“Za mjini zimelala mahabusu. Nionyeshe hiyo kompyuta.”

“Imezimwa, inasubiri uchunguzi.”

“Mwanangu, uchunguzi ndio mimi. Washa.”

Akawasha. Kioo kipana ukutani kikameta, kikachora bwawa zuri la rangi ya buluu na lango lake, na juu ya maji yale namba kubwa ya kijani: 3.1.

Winfrida akaenda dirishani. Nje, pale palipokuwa bwawa, tope lilikuwa limekauka na kupasuka, nyasi changa zimeota kwenye nyufa. Mbuzi walikuwa wanakula.

“Injinia, njoo. Wale mbuzi wanaogelea?”

Erick akacheka kwa adabu. “Umeme ukikatika mfumo hurudi kwenye namba yake ya kuanzia. Ni kawaida.”

“Namba ya kuanzia ni tatu nukta moja?”

“Ndiyo.”

“Na usiku wa tukio?”

“Ulikuwa mzima. Ulisoma sawasawa mpaka bwawa lilipoondoka na nguzo za umeme, hizi za sasa zimesimamishwa juzi. Tatizo ni aliyetakiwa kuutazama.”

“Alikupigia simu.”

“Alinipigia, sikatai. Akaniambia tatu nukta moja. Mlevi anaweza kukutajia namba yoyote.”

“Na akaitaja hiyohiyo ya kuanzia.”

“Bahati mbaya.”

Winfrida akaandika, akamsomea, Erick akasaini kwa kalamu yake mwenyewe ya kumetameta. Kisha inspekta akazunguka chumba taratibu, mikono nyuma, kama mnunuzi asiye na haraka. Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, mgeni rasmi alikuwa ananyoosha kidole kwenye kioo kipya, na Erick pembeni yake anatabasamu meno yote. Aliitazama picha ile muda mrefu. Akaenda mpaka kwenye ngazi, akainama.

Chini ya ngazi sakafu ilikuwa na alama ya pembe nne, saruji yake safi kuliko nyingine. Ukutani palining’inia waya mnene uliopakwa chokaa pamoja na ukuta. Ncha yake ilikuwa imekatwa.

“Hapa palikuwa na nini?”

“Takataka. Kompyuta ya zamani, sijui ya mwaka themanini na ngapi. Ilikufa kabla sijazaliwa.”

“Nani alithibitisha kifo?”

“Afande, haikuwa na skrini, haikuwa na kibodi. Bati tu lenye kutu na paka juu yake. Televisheni zinakuja, mgeni rasmi anakuja kuzindua teknolojia ya kisasa, halafu apite penye kitu kama hicho?”

“Kiko wapi sasa?”

“Sijui. Labda mzee alikiuza chuma chakavu. Hawa watu wanauza chochote.”

Winfrida akaushika ule waya, akaufuata kwa kidole. Ulipanda ukuta, ukapita juu ya mlango, ukateremka nyuma ya meza. Akasogeza meza. Waya ukaingia mgongoni mwa kompyuta mpya, kwenye tundu lake, umekazwa kwa skrubu mbili.

“Na huu?”

“Huo...” Erick akajikuna shingo. “Mafundi waliofunga mfumo waliuacha tu.”

“Waliuacha wakaukaza skrubu.”

Akapiga picha waya, ncha na tundu. Akaaga. Nje aliwakuta mbuzi wamesogea mpaka katikati ya bwawa.

*

Mwalimu Raya alifundisha kompyuta miaka mingi, akastaafu, akabaki kwenye nyumba yake karibu na Mazimbu. Banda la gari halikuwa na gari. Lilikuwa na mashine kuukuu mpaka darini, zimefunikwa khanga zilizochakaa. Majirani walimwita Bibi Mabati, naye alijua; lakini aliyeuliza habari za kompyuta za zamani alielekezwa kwake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kama umetumwa na mwenyekiti wa mtaa kuniambia nisafishe banda, rudi ulikotoka. Nimechoka kuambiwa nina mapepo.”

“Nimetumwa na paka.”

Raya akamtazama juu ya miwani, akamkaribisha mkekani. Winfrida akaeleza yote, akamwonyesha picha kwenye simu. Mwalimu alipofika kwenye ncha iliyokatwa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa ushungi, akaivaa tena.

“Limeondolewa,” alisema. “Wameliondoa kweli.”

“Unalijua?”

“Nilikuwa napeleka wanafunzi wakalione. Afande, lile kasha ndilo lililokuwa linapima maji. Waya za kule bwawani zilikuwa zinaingia kwake, yeye anazisoma, kisha anatoa namba. Zamani alikuwa anawasha taa tatu ukutani. Hawa walipoleta kioo chao hawakuleta cha kupimia, hicho ni ghali na hakionekani kwenye picha. Wakachomeka kioo kwake. Kioo ni mdomo tu. Aliyekuwa anajua ni yule wa chini ya ngazi.”

“Injinia anasema lilikuwa limekufa.”

“Paka alikuwa analala wapi?”

“Juu yake.”

“Milimani, kwenye baridi ya Kihonzo, paka analala juu ya bati lililokufa? Paka ana akili kuliko kamati nzima. Mashine ile ilikuwa na joto kwa sababu ilikuwa kazini, usiku na mchana, toka ilipofungwa.”

Winfrida akafungua daftari. “Anasema umeme ukikatika kioo hurudi kwenye namba ya kuanzia. Tatu nukta moja.”

“Mwongo, au mjinga. Namba ya kuanzia ingekuwa sifuri. Kioo kikikosa wa kukiambia, kinashika neno la mwisho kililosikia. Ukikizima ukikiwasha, kitakwambia lilelile. Kama bendera ya chama kwenye nyumba ya marehemu.”

“Kwa hiyo tatu nukta moja ni maji ya siku ile kasha lilipong’olewa.”

“Ndiyo. Baada ya hapo hata bahari ingekuja, ungesomewa tatu nukta moja.”

Jirani alikuwa anatwanga, mchi unasikika.

“Injinia aliyajua haya?” Winfrida aliuliza.

“Nilimwambia kwa mdomo wangu, wanafunzi wanasikia. Nikamwambia, baba, hilo usiliguse mpaka umeweka lingine la kufanya kazi yake. Akanijibu, mama, hilo liende makumbusho. Wanafunzi wakacheka. Nami nikacheka, ili nisionekane mzee.” Raya akasogeza khanga moja, akaifunika vizuri mashine iliyokuwa chini yake. “Unajua nchi hii iliwahi kupiga marufuku kompyuta zisiingie? Miaka ya sabini. Zilinunuliwa bila kujulikana zinavyofanya kazi, zikavuruga hesabu za serikali. Badala ya kujifunza, tukafunga mlango. Mlango ulipofunguliwa, tukaanza tena kununua bila kujua. Ukiwauliza vijana, hawajasikia. Kila anayeingia ofisini anadhani dunia imeanza siku aliyokabidhiwa funguo.”

“Kipya kinyemi ingawa kidonda.”

“Kidonda wanapata wengine, afande. Kinyemi wanapigia picha.”

“Utayasema haya mahakamani?”

“Wataniita Bibi Mabati.”

“Watakuita shahidi.”

Raya akatazama banda lake. “Nitakuja. Lakini nitafutie hilo kasha. Bila kasha mimi ni kikongwe anayepiga kelele.”

*

Yusuph wa Mwembesongo alikuwa na uwanja wa chuma chakavu, mzani wa kuning’iniza, na mdomo usiopumzika. Alikuwa Mzigua, na alipojua inspekta ni Mluguru uso wake ulichangamka.

“Ahaa, mtani wangu! Shikamoo. Mmeshuka milimani leo, ndizi zimeisha?”

“Marahaba. Zimebaki za kumpa Mzigua asiyejua kulima. Natafuta kasha la bati, kubwa kama sanduku la bibi harusi, limetoka Kihonzo kabla ya mafuriko.”

“Mama, mimi nanunua chuma, sinunui historia.”

“Ningekuuliza kwa utani. Sasa nakuuliza kwa kazi. Watu wanne wamekufa.”

Utani ukamtoka usoni. Akamwongoza nyuma ya lundo la mabati ya paa. Pale, kivulini, kasha lilikuwa limelazwa ubavu, mlango wake umeng’olewa, ndani majani makavu na kuku mwekundu anaatamia.

“Matumbo yake yalikwenda Dar,” Yusuph alisema. “Vile vibao vyake vya kijani vyenye vistari vya shaba, kuna jamaa wananunua. Ganda likawa la kuku. Si unaona anavyolipenda.”

Winfrida akachuchumaa. Kuku akamdonoa. Pembeni ya kasha kilikuwa bado kipande cha waya mnene, kirefu kama kiganja, upande mmoja umepakwa chokaa. Akatoa simu, akalinganisha na picha ya ncha ya ukutani. Chokaa ile, unene ule, mkato wa kushoto kwenda kulia kama wa kisu butu. Akavaa glavu, akakikata kile kipande penye shina, akakitia kwenye bahasha, akaandika.

“Nani alileta?”

“Gari la skimu. Liliandikwa ubavuni. Wabebaji walikuwa wawili, mzee mmoja mwembamba na kijana amejengeka. Kijana anamwita mzee mjomba. Walishusha pale.” Akaonyesha kwa kidevu.

Kalamu ya Winfrida ilisimama. “Mzee gani?”

“Simjui jina. Kandambili. Mpole. Aliniuliza kama nina maji ya kutawadha.”

“Aliyelipwa ni yeye?”

“Aah wapi! Wale walibeba tu. Mwenye mzigo alikaa mbele, kioo amekipandisha, kiyoyozi kinavuma. Nikamfuata dirishani. Kijana msafi, kalamu mfukoni inametameta. Akaniambia, wahi kukivunja, nisikione tena barabarani.”

“Ukimwona utamtambua?”

“Mtu aliyekataa kunipa mkono kwa sababu wangu una kutu? Namtambua hata gizani.”

Winfrida akamwamuru amhamishe kuku. Yusuph akamnyanyua na mayai yake, akalalamika kwamba serikali ikianza kuhamisha wazazi hatujui itaishia wapi. Wakalipakia kasha kwenye gari la polisi.

*

Erick alikuwa anafunga ofisi gari lilipoingia kati ya mawe meupe. Aliona kilichokuwa nyuma, akarudisha funguo mfukoni.

“Umelipata,” alisema.

“Limekupata. Tuingie.”

Ndani, Winfrida hakukaa. “Nina swali moja tu, injinia. Tangu siku ya uzinduzi mpaka siku ya mafuriko, wakulima walimwagiliwa?”

“Walimwagiliwa.”

“Na mvua za kwanza zilinyesha?”

“Zilinyesha kidogo.”

“Kwa hiyo maji yalishuka, yakapanda.”

“Bila shaka.”

Akaenda ukutani, akaishusha fremu ya dhahabu, akailaza mezani mbele yake. “Nisomee hiyo namba anayoionyesha mgeni rasmi.”

Erick alitazama picha ambayo bila shaka aliitazama kila siku. Kidole cha mgeni rasmi kilikuwa chini ya namba kabisa, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

“Soma.”

“Tatu... tatu nukta moja.”

“Siku ya uzinduzi, tatu nukta moja. Usiku wa mafuriko, kwa maneno uliyosaini, uliambiwa tatu nukta moja. Leo mbuzi wanakula humo, tatu nukta moja. Uliliondoa kasha lini?”

Erick akaigeuza fremu kifudifudi.

“Mwalimu Raya alikuambia usiliguse. Mwenye uwanja wa chuma chakavu anaikumbuka kalamu yako. Uliliondoa lini?”

“Siku moja kabla ya mgeni,” Erick alisema. “Kioo kiliendelea kuonyesha namba. Nikajua kumbe halikuwa na kazi. Kama lingekuwa na kazi si kingezima? Mtu yeyote angedhani hivyo.”

“Na mzee alipokupigia, mvua inapiga mabati, akakwambia namba haijasogea?”

Erick alikaa kwenye kiti. “Nilikumbuka,” alisema taratibu. “Nilikumbuka yule mama. Nikajiambia nitaangalia asubuhi.”

“Halafu asubuhi ukasema mzee alikuwa amelewa.”

“Walikuwa wameshasema wao. Mimi sikukataa tu.”

Winfrida akaandika sentensi hiyo kama ilivyotoka. Akamsomea. Safari hii injinia hakuitoa kalamu yake; alisaini kwa ya inspekta.

Simu ililia walipokuwa njiani, Erick kiti cha nyuma kati ya askari wawili.

“Naambiwa umechukua picha ukutani,” mkubwa alisema. “Unajua ile ni sura ya nani?”

“Mimi nimeangalia namba, afande. Sura sikuiangalia.”

“Irudishe.”

“Imeshaandikwa kidhibiti, ina lebo na saini mbili. Nikiifuta, itabidi niandike nani kaniamuru.”

Mkubwa akapumua kwenye simu. “Unapenda mpakani, Winfrida? Kuna nafasi huko, vumbi tupu.”

“Nimeshawahi kukaa huko. Kahawa yao si mbaya.”

Simu ikakatwa.

*

Jua lilikuwa bado juu ya Uluguru walipofika kituoni. Winfrida alimtoa mzee Dadi mpaka uani, akampa kiti, akamweleza polepole. Kwamba kesho hapelekwi kwa hakimu. Kwamba atalala kwake leo. Kwamba kioo kilikuwa kipofu tangu kabla ya mgeni rasmi, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kasha la chini ya ngazi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakushukuru.

“Kasha la paka?”

“Hilo.”

“Ndilo lililokuwa linajua?”

“Ndilo.”

Dadi akatazama mikono yake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

“Tulilibeba mimi na Mwinshehe,” alisema. “Injinia aliniambia nitafute mtu wa kunisaidia, nikamwita yeye, nikasema apate chochote. Tulipolinyanyua, Mwinshehe akalishusha kidogo. Akaniambia, mjomba, hili mbona lina joto? Lina joto kama mtu.”

Winfrida hakuandika.

“Nikamwambia, nyanyua, mtoto we, wakubwa wamesema ni la kutupa.”

Askari wa zamu alikuja na kandambili za mzee. Dadi akazivaa, akasimama, akavuka ua. Hakwenda getini. Alikwenda kwenye gari la polisi, mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi, kasha limelala na lebo yake ya kidhibiti na unyoya mmoja wa kuku.

“Mzee, kile hakiguswi,” askari alisema.

“Mwache,” alisema Winfrida.

Dadi akaweka kiganja juu ya bati, pale paka alipokuwa analala. Akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa.

“Limepoa,” alisema.